Sura ya Sita: Wanahukumiwa Kunyongwa, Mbona Hawanyongwi?

Kila taarifa ya habari inapotangaza kwamba Mahakama Kuu imemhukumu mtu kunyongwa hadi kufa, maswali huanza: sebuleni, kijiweni kwenye kahawa, ndani ya daladala. Swali linalorudi mara nyingi kuliko yote ni la mtu wa kawaida kabisa. Hivi hawa kweli hunyongwa? Lini, na wapi? Kuna wanaoapa kwamba kazi hiyo hufanyika usiku wa manane bila kutangazwa. Kuna wanaosema ni maneno tu, mtu anakaa ndani miaka michache kisha anatoka.

Makundi yote mawili yamekosea. Tanzania ilimnyonga mtu kwa mara ya mwisho mwaka 1994. Kenya iliacha mapema zaidi, mwaka 1987, ilipowanyonga Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu katika gereza la Kamiti kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa katika nchi hizi mbili kwa hukumu ya mahakama. Lakini hukumu hazijakoma. Majaji wanaendelea kuzitamka, waliohukumiwa wanaendelea kungoja, na sheria imesimama palepale.

Sura hii inaeleza kwa nini iko hivyo. Msomaji ana haki ya kujua mapema ninaposimama: naamini adhabu ya kifo ifutwe. Hata hivyo sehemu kubwa ya ninayoyasema hapa inamhusu pia asiyekubaliana nami, kwa sababu sheria yetu ya sasa ina kasoro ambayo hata mtu anayetaka wauaji wanyongwe anapaswa kuiona.

Jaji asiye na la kuchagua

Tuanze na sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu ni sheria inayotaja makosa ya jinai na adhabu zake. Tanganyika iliipata mwaka 1945, chini ya Mwingereza, na ndiyo tunayoitumia hadi leo baada ya marekebisho mengi. Kifungu cha 196 kinaeleza kosa la mauaji: kusababisha kifo cha mtu kwa dhamira ovu. Kifungu cha 197 kinasema aliyetiwa hatiani kwa mauaji atahukumiwa kifo. Mwanamke mjamzito hahukumiwi kifo, na aliyekuwa chini ya miaka 18 pia hahukumiwi. Wengine wote, adhabu ni hiyo moja.

Dhamira ovu haina maana ya kupanga kuua peke yake, na hapa wengi hushangaa. Mtu aliyekusudia kumuumiza mwenzake vibaya, bila kutaka afe, naye anahesabiwa kuwa na dhamira ovu iwapo yule aliyeumizwa atakufa. Vilevile aliyejua kwamba kitendo chake kingeweza kuua.

Sasa chukua watu wawili. Wa kwanza ni muuaji wa kukodiwa. Amepewa fedha, amemvizia mtu asiyemjua, amemmaliza, amekwenda kunywa. Wa pili ni mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi. Ameshtaki kwa wazazi, ameshtaki kwa mjumbe, amerudishwa nyumbani kila mara akaambiwa avumilie. Usiku mmoja mume amelala, yeye anachukua mchi. Sheria inatambua kughadhibishwa, yaani kuchokozwa ghafla kiasi cha kupoteza kujizuia, na anayeua katika hali hiyo hupata kosa dogo zaidi, kuua bila kukusudia. Lakini neno la msingi ni ghafla. Mateso ya miaka kumi hayaingii kwa urahisi katika mlango huo. Mwanamke huyu akikutwa na hatia ya mauaji, adhabu yake ni ileile ya muuaji wa kukodiwa.

Mwizi wa kuku akitiwa hatiani, hakimu humpa nafasi ya kujieleza kwa nini asipewe adhabu kali. Atasema ni kosa lake la kwanza, ana watoto wadogo, anamtunza mama mgonjwa, na hakimu anaweza kumpunguzia. Kwa kosa la mauaji maneno hayo hayana pa kwenda. Jaji anaweza kumhurumia mshtakiwa kwa moyo wote, akaandika huruma hiyo katika hukumu, na bado asiweze kumpunguzia hata mwezi mmoja. Hii ndiyo inayoitwa adhabu ya kifo ya lazima, na hapo ndipo hoja ya sura hii ilipo.

Faili linavyokwenda hadi Ikulu

Hukumu ya Mahakama Kuu si mwisho. Aliyehukumiwa hukata rufaa Mahakama ya Rufani, ambako majaji watatu huipitia kesi upya, na wengine huachiwa huko. Anayesoma hukumu za rufaa ataona jambo moja likijirudia: utambuzi wa usiku. Majambazi wamevamia nyumba, kuna koroboi inayowaka mezani au hakuna hata hiyo, watu wanapiga kelele, na shahidi anasema alimtambua fulani. Tangu mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imeweka masharti ya kupima ushahidi wa aina hiyo. Mwanga ulikuwa wa nini na wa nguvu gani? Shahidi alikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alimfahamu kabla? Wapo waliotamkiwa kitanzi kwa ushahidi wa koroboi, kisha wakarudi nyumbani kwa sababu majaji watatu waliuliza maswali hayo.

Rufaa ikishindikana, faili huenda kwa Rais. Ibara ya 45 ya Katiba inampa mamlaka ya kusamehe au kubadilisha adhabu, na hakuna anayenyongwa bila Rais kuidhinisha. Sheria haikumwekea muda. Akitaka atatia saini, akitaka atabadilisha adhabu iwe kifungo cha maisha, na akitaka ataliacha faili lilale.

Limelala. Tangu wakati wa Ali Hassan Mwinyi, marais waliofuata hawakuruhusu mtu anyongwe. John Magufuli alilisema waziwazi Septemba 11, 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma: aliomba asipelekewe orodha ya wa kunyongwa, kwa sababu anajua ugumu wa kufanya uamuzi huo. Nchini Kenya, Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa wapatao 4,000 mwaka 2009, wakapewa kifungo cha maisha kwa mpigo. Uhuru Kenyatta aliwafanyia hivyo wengine 2,747 mwaka 2016.

Basi jibu la swali la daladala ni hilo. Hawanyongwi kwa sababu kiongozi mmoja baada ya mwingine hataki kutia saini. Hakuna sheria inayomzuia.

Kuna wasomaji watakaosema: basi tatizo liko wapi, kama hakuna anayeuawa? Waangalie Congo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo nayo ilikaa zaidi ya miaka 20, tangu 2003, bila kutekeleza hukumu za kifo. Machi 2024 serikali ikatangaza kwamba kipindi hicho kimekwisha. Bunge halikuhitaji kupitisha sheria mpya, kwa sababu ile ya zamani haikuwahi kuondolewa. Mfungwa wa Isanga, Dodoma, anaishi chini ya hali hiyohiyo. Kila uchaguzi mkuu ni suala la uhai wake, na yeye mwenyewe hana neno ndani yake.

Kwa ufupi: Kwa kosa la mauaji Tanzania, jaji analazimika kutamka adhabu ya kifo. Rais peke yake ndiye anayeamua kama itatekelezwa, na hana muda aliowekewa. Tangu 1994 haijatekelezwa.

Dodoma, 1994

Mwaka uleule ambao Tanzania ilinyonga kwa mara ya mwisho, jaji mmoja wa Mahakama Kuu mjini Dodoma alijaribu kuufunga mlango kabisa. Jina lake ni James Mwalusanya. Mbele yake walikuwa watu wawili waliotiwa hatiani kwa mauaji, na kesi hiyo inajulikana kwa wanasheria wote kama kesi ya Mbushuu. Badala ya kutamka adhabu iliyoandikwa, Mwalusanya aliuliza kama adhabu yenyewe inaruhusiwa na Katiba.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu ya kinyama na ya kudhalilisha. Mwalusanya aliichunguza adhabu ya kunyonga jinsi ilivyo: namna kitanzi kinavyofanya kazi, miaka ya kungoja, hatari ya kukosea, hali ya maskini anayetegemea wakili aliyepangiwa na serikali. Akafikia uamuzi kwamba inavunja Katiba, akawapa wale wawili kifungo cha maisha.

Serikali ilikata rufaa. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi ambao, kwangu, ni miongoni mwa maandishi mazito kuliko yote katika historia ya sheria za nchi hii. Majaji walikubaliana na Mwalusanya kwamba kunyonga ni adhabu ya kinyama, ya kikatili na ya kudhalilisha utu. Walisema hivyo bila kumung'unya maneno. Kisha wakasema inaruhusiwa. Ibara ya 30 ya Katiba inakubali haki za mtu mmoja ziwekewe mipaka kwa manufaa ya umma, na kwa maoni yao adhabu ya kifo iliingia humo. Kuhusu kama inazuia mauaji au haizuii, waliona ushahidi haujamaliza ubishi upande wowote, na kwamba ni jamii yenyewe ya kuamua.

Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikutana na swali lilelile katika kesi ya Makwanyane. Majaji wake 11 waliisoma kesi yetu ya Mbushuu, wakaijadili, kisha wote kwa pamoja wakaamua kinyume. Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, aliandika kwamba mahakama haipo kwa ajili ya kufuata maoni ya wengi. Kama maoni ya wengi yangetosha, kusingekuwa na haja ya katiba kuwalinda walio dhaifu na waliotengwa.

Mimi nipo na Chaskalson katika hili, lakini naiheshimu shida ya majaji wetu. Waliogopa kuiamulia jamii. Kisichoeleweka ni kwamba jamii hiyo hatujaiuliza kwa dhati mpaka leo, wala Bunge halijalifungua swali hilo na kulimaliza.

Na tukisema jamii, tukumbuke kitanzi hiki kilivyotufikia. Mjerumani alimnyonga Abushiri Pangani mwaka 1889, akamnyonga Hassan bin Omari Makunganya Kilwa mwaka 1895, na Februari 27, 1906 akawanyonga kwa siku moja viongozi zaidi ya 60 wa Vita vya Maji Maji mjini Songea. Nchini Kenya Mwingereza alinyonga zaidi ya watu 1,000 wakati wa Mau Mau, Dedan Kimathi akiwamo, na wengi wao hawakutiwa hatiani kwa kuua mtu. Sisemi kwamba kabla ya wakoloni wauaji hawakuuawa. Waliuawa katika jamii kadhaa, na katika nyingine ukoo ulilipa ng'ombe kwa ukoo. Lakini mtambo huu wa jaji, gereza na kamba uliletwa na watu walioutumia kwanza dhidi ya waliowapinga.

Mahakama tatu za Arusha

Watu wengi hupita Arusha wakielekea mbugani bila kujua kwamba mji huo umebeba majibu matatu tofauti kwa swali letu.

Novemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu ya kuwashtaki waliohusika zaidi, nayo ikaja kukaa Arusha. Rwanda, iliyokuwa na kiti katika Baraza wakati huo, ilipiga kura ya kuipinga. Moja ya sababu zake ni kwamba mahakama hiyo haikuruhusiwa kutoa adhabu ya kifo. Hoja ya Wanyarwanda ilikuwa na uzito: wapangaji wakuu wangekamatwa nje na kupelekwa Arusha wapate kifungo, huku watu wa ngazi ya chini wakihukumiwa kifo nyumbani. Ndivyo ilivyotokea. Aprili 24, 1998 Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22. Septemba mwaka huohuo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji na aliyekiri kosa, alihukumiwa Arusha kifungo cha maisha.

Sasa rudi kwenye Mahakama Kuu ya Tanzania, katika mji uleule. Mkulima aliyemuua jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa shamba alipotiwa hatiani kwa mauaji, jaji hakuwa na adhabu nyingine ya kumpa isipokuwa kunyongwa. Waziri mkuu wa serikali iliyosimamia vifo vya mamia ya maelfu ya watu alipata kifungo. Mkulima alipata kitanzi. Nimetafuta namna ya kuutetea mpangilio huo na sijaiona.

Rwanda yenyewe ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007. Haja ya kupelekewa watuhumiwa kutoka Arusha na nchi nyingine ilichangia, lakini uamuzi ulikuwa wa Bunge lao, katika nchi yenye sababu nyingi za kudai kisasi kuliko nchi yoyote katika ukanda huu. Burundi ikafuata mwaka 2009.

Mahakama ya tatu ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ina makao Arusha. Novemba 28, 2019, katika kesi iliyofunguliwa na wafungwa watano wa Tanzania, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi, kwa kuwa inamnyima jaji uwezo wa kupima kila kesi kwa mazingira yake. Ikasema pia kwamba kunyonga kunavunja utu. Tanzania iliagizwa kuondoa ulazima huo katika sheria zake ndani ya mwaka mmoja. Mwezi huohuo wa Novemba, serikali ilijiondoa katika tamko lililowaruhusu raia na asasi kupeleka kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwaka uliotajwa ulipita, na kifungu cha 197 kikabaki kama kilivyokuwa.

"Na aliyeuliwa mwanawe, mtamwambia nini?"

Hili ndilo swali gumu, na anayelikwepa hapaswi kusikilizwa.

Fikiria mauaji ya watu wenye ualbino. Watoto wamekatwa viungo kwa ajili ya biashara ya waganga, na nchi nzima imelia. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14. Watu walishangilia, na ninaielewa furaha yao. Mauaji hayakukoma. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alichukuliwa kutoka mikononi mwa mama yake wilayani Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukakutwa umekatwa viungo.

Anayetaka kunyonga atasema: yameendelea kwa sababu hakuna aliyenyongwa. Ni jibu la haki. Lakini tuwatazame wanaofanya biashara hiyo. Mnunuzi wa viungo, mwenye fedha, ni nadra sana kufikishwa mahakamani. Anayekamatwa ni aliyeshika panga. Mnunuzi hahofii kitanzi wala kifungo, kwa sababu haamini kwamba kuna siku atabishiwa hodi. Kinachomtia mtu wa namna hiyo hofu ni uhakika wa kukamatwa, na uhakika huo unategemea upelelezi, maabara, ulinzi wa mashahidi na askari asiyehongeka. Kila mwanasiasa anayeahidi kitanzi baada ya mauaji ya kutisha anaahidi kitu kisichohitaji bajeti.

Upande wa dini, Waislamu wengi hutaja sheria ya kisasi, na Wakristo hutaja Agano la Kale. Siyajui ya wanazuoni kiasi cha kuwafundisha, lakini jambo moja ni wazi. Katika sheria ya Kiislamu, warithi wa aliyeuawa ndio wenye haki ya kuchagua: kudai kisasi, kupokea dia, yaani fidia ya damu, au kusamehe, na kusamehe kumesifiwa. Kanuni ya Adhabu haiwapi warithi nafasi hiyo. Hawaulizwi kama wanataka mtu anyongwe, na wakisamehe msamaha wao haumfungi mtu. Kwa Wakatoliki, mwaka 2018 Papa Francis alibadilisha mafundisho rasmi ya Kanisa, yakasema adhabu ya kifo haikubaliki.

Kwa hiyo mzazi aliyeuliwa mwanawe, tunamwambia nini leo? Tunamwambia muuaji atanyongwa. Kisha hanyongwi. Mzazi anakaa miaka 20 akingoja kitu ambacho serikali yenyewe haina nia ya kukifanya, na hakuna aliyewahi kumwita mahakamani aeleze amepoteza nini.

Majirani wamefanya nini

Tuanze na Uganda. Mwaka 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, Mahakama ya Juu ilisema jaji asilazimishwe kutamka kifo, na kwamba mfungwa akikaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho bila kunyongwa, adhabu yake inageuka kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alisoma sheria akiwa gerezani, akaachiwa mwaka 2016.

Kenya ilifuata Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Mahakama ya Juu haikufuta adhabu ya kifo. Iliondoa ulazima wake, ikawaelekeza majaji, katika uamuzi huo na katika ufafanuzi wake wa mwaka 2021, wapime mambo kama haya kabla ya kutoa adhabu:

- umri wa mshtakiwa, na kama ni kosa lake la kwanza
- kama alikiri, na kama anajuta
- kama aliua kwa sababu ya ukatili wa kijinsia aliofanyiwa
- namna aliyeuawa alivyouawa
- madhara yaliyoipata familia ya marehemu
- uwezekano wa mkosaji kubadilika

Uamuzi huo una upungufu. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilifafanua kwamba ulihusu mauaji tu, haukuhusu wizi wa kutumia nguvu, kosa ambalo nchini Kenya linaweza kumkuta hata mtu aliyepora akiwa na mwenzake mmoja bila kuua. Muuaji anaweza kupimiwa adhabu, mporaji akabaki na sheria ya zamani. Lakini soma orodha hiyo tena. Mwanamke wa mchi yumo. Familia ya marehemu imo pia, na ina nafasi ya kusema.

Tanzania haihitaji kumaliza mjadala wote ndipo ifike hapo. Wanaotaka adhabu ya kifo ifutwe, nikiwamo mimi, na wanaotaka ibaki, tunaweza kukubaliana kurekebisha kifungu cha 197 ili kifo kiwe adhabu ya juu kabisa inayoweza kutolewa, badala ya kuwa ya pekee. Mbunge anayehofia wapiga kura wake anaweza kuwaeleza ukweli: badiliko hilo halimtoi muuaji yeyote gerezani. Muuaji wa kukodiwa bado atapata adhabu kali kuliko zote. Jaji atapewa kazi ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo anaifanya kila siku kwa mwizi wa kuku, na waliohukumiwa chini ya sheria ya zamani watarudishwa mbele yake, faili kwa faili, apime kila mmoja alifanya nini na kwa nini.